Nusu Pointi

Honorine alikuwa katikati ya daraja la Rusizi II alipogundua kwamba kiatu chake cha kushoto si pacha wa cha kulia. Kimoja cheusi, kingine kahawia. Kurudi Bukavu kubadilisha hakuthubutu, maana nyuma yake foleni ya mpakani ilishaanza kujikunja, na leo, kuliko siku zote, hakutaka kuchelewa.

Kosa lilikuwa la mumewe. Asubuhi hiyo Ntabaza aliwafukuzia watoto wote uani ili maman yao atulize kichwa, kisha yeye mwenyewe akamfuata chumbani kumpa moyo, wakati mwenzake anatafuta viatu.

"Biochimie unaijua kushinda bantu bote ya hii avenue," alimwambia. "Unaogopa nini?"

"Shida haiko kuijua," Honorine akajibu. "Shida ni bale benye kuweka pointi."

Ntabaza akasema hata hao ni watu, wana huruma. Honorine akacheka mpaka akasahau kutazama miguu yake. Huruma, katika kozi ile?

Kozi ya biokemia katika chuo cha Kamembe, ng'ambo ya daraja, ilikuwa na sheria nyingi kuliko mpaka wenyewe. Pointi zilihesabiwa juu ya ishirini. Robo ilitoka maabara, ambako kila kikundi kilileta sambaza wabichi, samaki wadogo wa ziwani, kutoka kisiwa cha Nkombo na kuwasaga kutafuta protini, mpaka jengo zima likanuka soko. Robo nyingine ilitoka kwenye majaribio ya ghafla ya Jumatatu, na nusu iliyobaki ilikuwa ya mtihani. Ukichelewa unakatwa nusu pointi, na hata ulie machozi hairudi. Ukikosa kumi, unarudi mwezi wa tisa kwa sesheni ya pili, kurudia mtihani. Tisa na nusu haikupandishwa hata kwa mtoto wa mkuu wa chuo. Wengi walijaribu kuomba, wakaondoka na tisa na nusu yao.

Honorine alizijua sheria hizo kama anavyoijua Baba Yetu. Ndiyo maana jambo moja lilimkaa rohoni. Mwezi uliopita foleni ya mpakani ilimchelewesha, akaingia darasani akihema, watu wote wameshakaa. Hakuna aliyemwambia neno. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo na kujifanya amesahau.

Leo alitafuta kumi tu. Akiipata, nafasi yake chuoni inabaki yake. Akiikosa, mwaka ujao atapewa mtu mwingine. Ofisi ilikwisha kumwambia hivyo bila kuzunguka. Na Honorine aliipenda nafasi hiyo. Miaka mingi alikaa nyumbani akiililia. Alipenda harufu ya maabara, hata ya sambaza. Alipenda kuvuka daraja asubuhi, koti jeupe likiwa mkobani, wachuuzi wakimpisha. Kuipoteza kungemvunja moyo kabisa.

Alifika mapema na miguu yake ya rangi mbili. Darasa lilinyamaza alipoingia. Nyirabagenzi, mama wa ofisini aliyetumwa kusimamia, alikuwa amekumbatia bunda la karatasi. Akaanza kuzigawa meza kwa meza, lakini Honorine akapitwa bila kupewa hata moja.

"Maman Honorine, weye ngojea inje," alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Ni sheria."

Honorine akatoka. Kupitia dirishani aliwaona wamekwisha kuinama. Wengine waliuma kalamu wakitazama dari, kama watu walioulizwa swali gumu la mzunguko wa Krebs. Mmoja aliona viatu vyake akatabasamu. Honorine akajivuta pembeni kwa aibu, akawa anaficha mguu wa kahawia nyuma ya ule mweusi, huku akipiga hesabu ya mwaka mzima. Maabara, sawa. Majaribio ya Jumatatu, Mungu ndiye ajuaye.

Kicheko kikasikika ndani, kisha chaki ikilia ubaoni. Kwa muda alitamani arudi zake Bukavu asisikie lolote, lakini hakuondoka.

Mwishowe mlango ukafunguliwa, akatoka Uwera, kiongozi wa darasa. Alikuwa binti mpole asiyewahi kukosa maabara, na siku matokeo ya nusu mwaka yalipotoka alilia katika ukumbi huuhuu kwa ajili ya tisa na nusu. Sasa macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Umepata kumi juste," Uwera alisema taratibu.

Honorine akafumba macho, akashusha pumzi.

"Lakini ile siku ya foleni ulichelewa. Tumekata nusu."

Honorine akayafumbua. Akaeleza habari za foleni, za mvua iliyonyesha siku ile, akajisikia anaomba kwa sauti ileile aliyozoea kuisikia kwa waombaji. "Uwera, ni nusu pointi tu," alimalizia.

"Tisa na nusu haipandishwe." Uwera alikuwa akitazama vile viatu viwili, akijizuia kucheka. "Ni weye uliweka sheria, Maman Profesa, na leo ni siye wanafunzi tumekupima nazo. Maman Nyirabagenzi amekubali nafasi yako isipewe mtu kwanza: utarudi mwezi wa tisa kwa sesheni ya pili, utatufundisha tena, na siye tutakuwekea pointi."