Birika Lililopasuka Tanuruni

Mshonaji alimbebea shangazi yake mkoba tangu asubuhi, kichwa juu. Si kila siku jumba la makumbusho, hata kama ni dogo na halijulikani, linamwalika mfinyanzi wa ukoo wenu aje apigiwe makofi.

Mbele ya birika la udongo lenye maua, akasimama ghafla.

Chini ya mkono wa birika palikuwa na kishimo kilichopinda. Alikijua. Kidole chake gumba cha kushoto kilibanwa na mlango utotoni, kikapona upande upande, na kila birika alilolitia mkono lilibaki na alama hiyohiyo.

Lakini birika hili lilipasuka tanuruni! Ndivyo shangazi alivyomwambia miaka kumi na miwili iliyopita, huku akimfuta machozi. "Mwanangu, udongo umekukataa. Nenda kashone nguo." Naye akaenda.

Kikaratasi pembeni kilitaja jina la shangazi peke yake.

"Usiguse!" shangazi alisema, haraka mno.

Alikwisha gusa. Kidole kiliingia kishimoni kikatulia, pasibaki hata nafasi ya kupitisha uzi.

Mtunza makumbusho akaja na wageni nyuma yake, akitabasamu. "Mama, wanauliza, alama hii nzuri uliitiaje?"

Shangazi akarudi hatua moja nyuma.

Mshonaji akatoa kidole chake, akamkabidhi mkoba wake, akasogea pembeni.

"Waonyeshe, shangazi," akasema. "Weka kidole."