Kizingiti cha Ombati

"Ng'ombe alinunuliwa," alisema Onchiri, akimnyooshea kidole mama yake wa kambo, Mong'ina. "Kupe hakununuliwa. Alikuja tu, ameganda tumboni."

Kupe mwenyewe, Ombati, tayari alikuwa amesimama, rungu mkononi. Mtu mzima, ana mke, ana michai aliyoipanda kwa mikono yake, leo anaitwa kupe mamaye akisikia.

"Keti," mzee Angwenyi akamwambia. "Ama nirudi Kisii nimwambie hakimu nilikuta mafahali, watu sikuwakuta."

Ombati akaketi, roho ikichemka. Alikuwa akimchukia huyu mzee tangu asubuhi. Baba yao Ogari alipokufa, Onchiri alikimbia kortini kudai shamba lote, na hakimu akasema kesi ya ndugu imalizwe nyumbani: atawapa mzee wa korti, mtu asiye na ukoo nao, na atakaloamua litagongwa muhuri. Ndiyo wakaletewa Angwenyi, mchuuzi wa ng'ombe wa zamani, aliyezeekea kwenye masoko ya Ugusii, mwenye mdomo usiojua kucheka.

Mzee alipofika uani, Kemuma, mke wa Ombati, alimpa mkono. Mzee akatazama migomba mpaka ule mkono ukashuka wenyewe. Uji hakuugusa.

"Anatuona uchafu," Ombati alimnong'oneza mkewe. Na uchafu huo ukishindwa leo, utafunga masufuria yake, umshike mama mkono, uende usikokujua.

"Mimba aliipata sokoni Ekerenyo," Onchiri aliendelea. "Kwao wakamwoza mbio mbio kabla tumbo halijaonekana. Si yuko hapo? Mwulize!"

Mong'ina aliinamisha kichwa. Tangu asubuhi hakuwa ametoa neno.

"Korti haikunituma kufunua nguo za kina mama," mzee akafoka. Aliwauliza majirani, akamuuliza Onchiri, kila mtu isipokuwa Mong'ina. Na katikati ya maswali alikuwa akitazama mawingu yaliyojikusanya juu ya vilima. "Wewe mwenye rungu! Una ushahidi, ama una hilo rungu tu? Sema upesi."

"Ninao. Ile nyumba." Ombati alionyesha nyumba yake, hatua chache nyuma yao. "Tangu nilipooa, tata Ogari hakuvuka mlango wake. Mtoto wangu alipougua, alisimama nje kwenye umande akamwombea kupitia dirishani. Akitaka kiberiti, anapiga kelele hapa uani. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, nyote mnaujua huo mwiko. Kwa majirani aliingia, akala, akasinzia hata. Yangu tu ndiyo aliyoiogopa. Angeogopa nyumba ya kupe?"

Majirani wakaguna kwa kukubali. Onchiri akatema mate.

Mzee akagonga fimbo chini. "Imetosha. Karani, andika. Damu hakuna anayeiona, lakini mlango kila mtu anauona. Mwanamume akikiheshimu kizingiti cha mtu, amekiri mbele ya watu kwamba huyo ni mwanawe. Ogari alikiri. Shamba likatwe nusu kwa nusu. Onchiri, una la kubisha?"

"Nitabisha nini? Sheria ni hiyo umeitoa mwenyewe," Onchiri alisema, uso umekunjamana kama aliyeuma ndimu. "Nitatia kidole."

"Basi tieni haraka niondoke."

Karani Mogire hata hakuwahi kufungua kidau cha wino. Mvua ilishuka yote kwa pamoja, na mawe ndani yake. Mogire akaficha karatasi kifuani, akaukimbilia mlango wa karibu, wa Ombati. Wengine wakamfuata na viti vyao: majirani, Onchiri, Mong'ina aliyeshikwa mkono na Kemuma.

Mzee Angwenyi alibaki uani. Kofia yake ilishalegea, maji yakimshuka shingoni.

"Ingia, mzee!" Mogire alimwita. "Bila sahihi yako, hii ni karatasi ya kufungia sukari!"

"Ilete hapa."

"Italowa!"

"Nimesema ilete."

"Mwacheni," Onchiri alicheka. "Wazee wa korti wanaogopa kunguni."

Ombati alikwenda akaujaza mlango kwa mwili wake.

"Nyumba yangu inanuka? Mkono wa mke wangu umeukataa. Uji wetu umeukataa. Shamba umenipa kama anayemtupia mbwa mfupa. Sasa hata mvua ya mawe ni afadhali kuliko sisi? Ingia, mzee. Ama useme hapa hapa, watu wote wasikie, ni kwa nini huingii!"

Akasogea kando, akauacha mlango wazi.

Mzee akaja polepole, akipigwa na mawe mabegani, mpaka mlangoni. Akainua mguu. Ule mguu ukakaa hewani juu ya kizingiti, halafu ukarudi kwenye matope. Hakumtazama Ombati. Alitazama ndani, gizani, upande wa jiko.

Ni huko ilikotoka sauti ambayo haikuwa imesikika siku nzima.

"Ombati, mwanangu," alisema Mong'ina. "Mpelekee wino huko nje."

Onchiri akaacha kucheka. Akatazama kizingiti, akamtazama mzee aliyesimama nje yake, halafu akaanza upya.