Kisima Kilichoachwa Wazi

Mlango wa maonyesho ulipofunguliwa ndipo Dulcie alipoona kosa lake. Kwenye mchoro wake mkubwa, alama za kisima cha wanawake zilikuwa wazi. Alikuwa amesahau kuzifunika kwa vitone vya rangi, na kwa mila ya kwao mwanamume haruhusiwi kuziona.

Alichota rangi nyeupe kwenye meza ya watoto ya kuchorea, akaipaka juu ya alama kwa vidole, ikimchuruzika hadi viwikoni.

"Shangazi, umerukwa na akili? Hiyo ni kazi ya mwaka mzima," msimamizi wa jumba alisema, akimvuta gauni.

"Vuta tu, mwanangu. Kaka zangu wale wanaingia."

Vidole havikutosha. Akaumwagia mchoro kopo zima. Kaka zake walikuta weupe mtupu.

"Basi waombe radhi wageni," msimamizi alisema.

Dulcie alijifuta mikono kwenye gauni. "Siombi radhi."