Fundo Lisilo Lake

Maji yalikuwa yamempanda fundi cherehani hadi magotini alipoliona lile fundo.

Asubuhi, maji yalipokupwa, yeye na mdogo wake walivuka kwa miguu hadi kisiwa kitupu kinachoikinga pwani na bahari kuu. Njia nzima alikuwa akichomeka fito na kuzifunga vipande vya kitambaa chekundu, masalio ya sare za shule, ili wasipotee wakirudi.

"Dada, hata bahari unaishona?" mdogo wake alimcheka.

Kisiwani walizunguka mpaka jua likapinda. Hakukuwa na nyumba wala mtu. Nyayo pekee mchangani zilikuwa zao.

Sasa maji yalikuwa yanajaa, nao wanarudi wakifuata vitambaa, mdogo mtu mbele, akipiga mluzi.

Fundi alikishika kitambaa. Kilikuwa chake, hata pindo alilitambua. Lakini yeye, tangu aanze kazi, kila akifunga fundo huichomeka mikia yake ndani. Mkono umeshazoea, haumwulizi. Hili mikia yake ilining'inia, ikidondosha maji.

Akageuka kutazama la nyuma yake. Nalo mikia ilining'inia.

Akainua macho. Mji walikotoka ulikuwa kushoto kwao, mbali, na fito zilikuwa zinaelekea kwenye maji meusi.

"Simama hapo hapo!" akapiga kelele.

"Njoo bwana, dada, maji yasije yakatukuta!" mdogo wake akajibu, yakiwa yameshamfika kiunoni. "Njia ndiyo hii. Kuna mtu huko mbele anatupungia kitambaa."