Folda ya Tunu

Tangu Tunu ahame na kompyuta yake, Shomari hatulii. Anakaa, anasimama, anafungua friji, anaifunga bila kutoa kitu. Wao ni mume na mke, madijei wa harusi, na kompyuta zao mbili zinakula sahani moja: maktaba ya nyimbo ni ileile, inasafiri kwa intaneti.

Alasiri moja akaiona folda iitwayo "Za Tunu". Akaifuta. Roho ikapoa kidogo.

Simu ikaita.

"Shomari, umefuta nini?"

"Vya kompyuta yangu."

"Bi harusi kasimama mlangoni, mie sina hata wimbo. Mashangazi wameanza kuimba wenyewe, na sauti zao unazijua."

Akashika kichwa. Alisahau: ukifuta huku, na kule kunafutika. Walipanga hivyo wenyewe, siku za mapenzi, wasitengane hata kwa wimbo.

"Nirudishie, baba Zuena."

Baba Zuena. Wiki nzima alikuwa Shomari tu.

Akarudisha. Muziki ukalipuka simuni, vigelegele vikaufuata, simu ikakatika.

Kwenye skrini, jina la folda likabadilika; Tunu alikuwa akilihariri kule. Likabaki "Za" peke yake. Shomari akavuta kiti, akaketi, akilingojea neno la pili.