Kizazi cha Mwanakheri

"Mke mwenye bima ni yupi?" karani aliuliza kupitia tundu la kioo.

"Huyu," alisema Mwanakheri, akimsogeza mbele mke mwenzake mdogo, Siwema, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa uchungu wa kuzaa. Kadi aliyoisukuma dirishani ilikuwa ya Mwanakheri mwenyewe. Bima ya mume wao ilitambua mke mmoja tu, na bila kadi Siwema asingepokelewa.

Karani alibonyeza kompyuta, akasoma, akacheka kwa pua. "Mwanakheri alitolewa kizazi hapa hapa mwaka juzi. Sasa huyu anazaa na nini?"

Foleni nzima ikageuka kuwatazama. Siwema aliinua uso uliolowa jasho. "Dada, kumbe…"

"Nyamaza, vuta pumzi." Mwanakheri alikipiga kioo kwa kiganja. "Mlikitoa nyie wenyewe! Basi andika kimeota tena!"

"Siwezi, mama. Ni utaratibu."

"Huo utaratibu ndio uliokuzaa?"

Siwema alichuchumaa akipiga kelele. Maji yalimtoka, yakatiririka mpaka chini ya mlango wa karani. Mwanakheri akafungua kanga yake, akaitandaza sakafuni pale pale mbele ya dirisha. Mwanamke aliyefuata kwenye foleni akafungua yake, akaiinua kuwa pazia. Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka karani hakuona tena kitu zaidi ya kanga zilizobana kioo. Alisikia tu sauti ya Mwanakheri ikisema, "Sukuma."