Kiota Ndani ya Boneti

Fundi alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani wa gari, akaisoma.

"Bi Mwanapili, injini ni nzima. Kuna waya umekatika tu."

Taa ya injini ilikuwa ikimwakia kwenye dashibodi tangu msimu wa karafuu, na kila asubuhi aliilaani.

Boneti ilipofunguliwa, waya ulikuwa umetafunwa. Pembeni yake panya alijenga kiota cha makumbi ya nazi na makonyo, vijiti vya karafuu. Fundi akakichokoa kwa bisibisi, kikamvunjikia mkononi, kikanukia.

Ndani yake kitu kikametameta.

Bi Mwanapili akakipangusa kwa ncha ya kanga. Kipini cha puani, cha dhahabu, alichoachiwa na marehemu mama yake, kidogo kama punje ya mtama. Yeye mwenyewe alikivua kwa mafua, siku aliyokaa mkekani na wifi yake wakichambua karafuu. Kilipopotea, alimwita wifi mwizi, na wifi hajakanyaga kwake tena.

"Alhamdulillahi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Allah akulipe kheri, mwanangu. Na panya naye."

"Haya, niunge waya, nikuzimie taa?"

Alikwishaingia garini, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili umekifumbata kipini.

"Iache iwake. Nende kwanza Vitongoji, kwa wifi yangu."